Tetemeko likipita Nairobi, tunauliza swali lisilofaa

Ardhi ikitikisika Nairobi, hata kwa sekunde chache, mambo mawili hufuatana bila kukosa. Watu hushuka ngazi mbio simu zikiwa mkononi, kisha simu hizo huanza kujaa ujumbe: lingine kubwa zaidi linakuja leo usiku, saa fulani, wanasayansi wa ng'ambo wamethibitisha. Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipotokea chini ya Ziwa Tanganyika, karibu kilomita 950 kutoka hapa, wafanyakazi wa katikati ya jiji walimiminika barabarani. Julai 2007 walimiminika tena, safari hii kwa mfululizo wa matetemeko uliotoka Gelai, ng'ambo ya mpaka karibu na Ziwa Natron, uliofikia kilele tarehe 17 kwa tetemeko la 5.9. Swali likabaki lile lile: lingine lini?

Katika maswali yote unayoweza kumuuliza mtaalamu wa matetemeko, hilo la lini ndilo asiloliweza. Na kwa kuling'ang'ania tumejinyima majibu ambayo tayari anayo, au angekuwa nayo kama tungempa vifaa: wapi, kina gani, na ardhi iliyo chini ya nyumba yako itatikisika namna gani.

Wamarekani walilijaribu swali la lini kwa nguvu zao zote. Parkfield ni kijiji cha California kilichokaa juu ya mpasuko wa San Andreas. Kilipigwa na matetemeko yanayofanana mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966, yaani kila baada ya miaka 22 hivi kwa wastani. Wanajiolojia wakapiga hesabu, na mwaka 1985 ikatangazwa kwamba linalofuata lingekuja kabla ya mwaka 1993. Eneo lote likajazwa vifaa vya kila aina. Mwaka 1993 ukafika kimya. Tetemeko likaja tarehe 28 Septemba 2004, limechelewa zaidi ya miaka kumi, na vifaa vile vyote, vilivyokesha kwa karibu miaka 20, havikuonyesha dalili yoyote ya wazi kabla halijapiga. Kama kuna mahali utabiri ulistahili kufaulu, ni pale. Basi anayekutumia saa na dakika ya tetemeko la Nairobi, awe amemtaja nabii wake au shirika la anga za juu, anadai kuweza jambo lililowashinda watu waliolitegea kwa miongo miwili wakijua hata kijiji litakakotokea.

Onyo la mapema la Japani na Mexico ni kitu kingine kabisa, na watu hulichanganya na utabiri. Pale tetemeko huwa limeshaanza. Vifaa vilivyo karibu na chanzo hulisikia, ishara ya redio hutangulia mtikisiko wenyewe, na mtu wa mbali hupata sekunde kadhaa, pengine dakika, za kuingia chini ya meza. Ni msaada mkubwa, ila hakuna aliyebashiri chochote.

Ili kuona mtaalamu anajua nini, tuanze na mawimbi. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopenya ndani ya ardhi. La kwanza huitwa P: husukuma na kuvuta mwamba kuelekea linakokwenda, na katika ganda la juu la dunia hukimbia kama kilomita 6 kwa sekunde. La pili, S, huutikisa mwamba kwa upande, na mwendo wake ni kilomita 3.5 hivi kwa sekunde. Mwanya kati ya hayo mawili ndio rula. Ni kama unavyoona radi ukaanza kuhesabu mpaka ngurumo isikike: kwa tetemeko lisilo la mbali sana, kila sekunde kati ya P na S ni takriban kilomita 8. Tetemeko la Gelai, chini ya kilomita 200 kutoka Nairobi, huacha mwanya wa sekunde 20 na kitu. Kituo kimoja kinakupa umbali, hakikuambii upande, kwa hiyo unachora duara kwenye ramani. Cha pili kinachora duara lake, cha tatu lake, na yanapokutana ndipo kilipo kitovu. Siku hizi kompyuta ndiyo inayochora, lakini hoja haijabadilika tangu enzi za bikari na karatasi.

Kina ndicho kigumu. Usipokuwa na kituo kilicho karibu na tetemeko, kina hubaki cha kukisia. Ukisoma taarifa ya haraka inayosema tetemeko lilikuwa kilomita 10 kamili chini ya ardhi, jua kwamba mara nyingi hiyo ni namba inayowekwa tu pale data isipotosha kusema zaidi. Mimi huitafuta namba hiyo kila nikisoma habari za matetemeko ya Afrika Mashariki, na huiona mara nyingi kuliko inavyopendeza. Inakuambia jinsi vituo vyetu vilivyo vichache na vilivyotawanyika, na inakuambia bila lawama wala hotuba.

Vituo vyenyewe basi. Kinachotegemewa zaidi karibu na Nairobi kiko Kilimambogo, upande wa Thika, na wataalamu wa dunia nzima wanakijua kwa herufi nne: KMBO. Kanuni ya kifaa cha kituo kama hicho ni ya zamani. Kuna uzito unaoning'inia ndani ya fremu. Ardhi ikisogea, fremu husogea nayo, uzito hutaka kubaki ulipokuwa. Zamani kalamu ingechora tofauti hiyo kwenye karatasi inayozunguka. Kifaa cha kisasa hakiuachi uzito uende popote. Umeme huurudisha mahali pake papo hapo, na kiasi cha umeme uliohitajika kuurudisha ndicho kinachoandikwa. Ni kikali mno kwa kusikia. Siku ambayo hakuna tetemeko lolote, chombo cha aina hii huandika mngurumo wa mawimbi ya bahari kutoka mamia ya kilomita, kila baada ya sekunde chache, usiku na mchana. Ndiyo maana huwekwa juu ya mwamba, mbali na barabara, kimefunikwa kisiguswe na upepo wala joto la adhuhuri.

Lakini kilichonileta kwenye makala hii ni swali la nani alikitaka kituo hicho, na kwa nini. Katika orodha ya Mkataba wa Kupiga Marufuku Kabisa Majaribio ya Nyuklia, uliofunguliwa kutiwa saini mwaka 1996, Kilimambogo ni kituo cha msingi nambari 24. Kwa maneno mengine, kimewekwa hapo kusikiliza mabomu. Nairobi ina kituo kingine katika orodha hiyo hiyo, nambari 32 cha sauti nzito zisizosikika kwa sikio la binadamu, ambacho kazi yake ni kunasa milipuko ya angani. Kilimambogo kimo pia katika mtandao wa matetemeko wa dunia unaogharimiwa na Marekani. Chuo Kikuu cha Nairobi ni mshirika na mwenyeji. Mpangaji mkuu wa kazi ni dunia.

Kutofautisha bomu na tetemeko ni sayansi tamu. Bomu lililofukiwa husukuma mwamba nje kila upande kwa mpigo mmoja, kwa hiyo vituo vyote duniani huona msukumo wa kwanza ukielekea juu, na wimbi la P huwa kubwa kuliko S. Tetemeko la kawaida ni mwamba kuteleza juu ya mwamba: upande mmoja wa dunia husukumwa, mwingine huvutwa, na S huwa na nguvu zake. Majaribio ya Korea Kaskazini, kuanzia la 2006 hadi la 2017, yalitambuliwa hivyo kabla hata picha hazijapatikana.

Na kazi hii ya kusikiliza mabomu haikuanza 1996. Mapema miaka ya 1960, Vita Baridi vikiwa vimepamba moto, Marekani ilitandaza vituo karibu 120 vinavyofanana katika nchi nyingi, Nairobi ikiwemo, ili isipitwe na majaribio ya chini ya ardhi. Zao la pembeni likawa kubwa kuliko lengo. Kwa mara ya kwanza vitovu vya matetemeko viliweza kuwekwa kwenye ramani kwa usahihi, na vikajipanga katika mistari myembamba: katikati ya bahari, kando ya mabara, na mmoja kupitia Afrika Mashariki. Mistari hiyo ndiyo mipaka ya mabamba ya dunia. Sehemu kubwa ya ushahidi kwamba mabara yanatembea ilitoka kwenye vifaa vya kusikiliza mabomu.

Siyo tuhuma. Sioni ubaya wowote wa kupewa sikio zuri kwa gharama ya mwingine, na data ya KMBO iko wazi kiasi kwamba mwanafunzi wa Juja mwenye kompyuta na programu ya bure ya ObsPy anaweza kuipakua leo jioni. Nisemalo ni kwamba sikio lililowekwa kujibu swali la mwingine huelekezwa anakotaka mwingine. Kituo kimoja bora kinatosha kulisikia bomu lililo bara jingine. Hakitoshi kujua mpasuko upi wa Magadi ulicheza jana na kwa kina kipi.

Utafiti wa Bonde la Ufa umefuata mtindo huo. Mradi wa KRISP uliwakutanisha watafiti wa Kenya, Ulaya na Marekani katika awamu kadhaa kuanzia 1985. Mwaka 1990 walilipua baruti ndani ya maziwa, yakiwemo Turkana, Baringo na Naivasha, vipokezi vikiwa vimetandazwa kando ya bonde, wakapima jinsi mawimbi yalivyopinda na kurudi kutoka chini. Walikuta ganda la dunia lina unene wa kilomita 35 hivi chini ya Naivasha, na 20 tu chini ya Turkana. Mwaka 2001 na 2002 likaja kundi jingine na vifaa vya kusikiliza mawimbi ya matetemeko ya mbali, yakaonekana yakipungua mwendo chini ya bonde, ishara ya mwamba wenye joto kali. Mwaka 2013 na 2014 vifaa vikatandazwa Magadi na Natron. Kila mara elimu ilikuwa ya daraja la kwanza, na kila mara vifaa vilifungwa kwenye masanduku vikaondoka. Matokeo yamo kwenye majarida. Usikilizaji ulikoma.

Ni Olkaria, kwenye visima vya mvuke karibu na Naivasha, ambako hali ni tofauti, na sababu yake inafundisha. Anayechimba mvuke anataka kujua joto liko wapi, na matetemeko madogo yasiyohisiwa na mtu humwonyesha mahali mwamba unapovunjika na mahali ulipo laini mno kuvunjika. Wimbi la S halipiti kwenye kimiminika. Likififia au kupotea likipita chini ya mlima fulani, kuna kitu cha moto pale. Silas Simiyu, aliyekuja kuwa mkuu wa kampuni ya serikali ya uendelezaji wa mvuke, alichapisha na mwenzake utafiti wa aina hiyo kuhusu Olkaria mwaka 2000. Palipo na fedha ya kuvuna, tunasikiliza. Kanuni iliyotumika hapo, ya kusoma ndani ya ardhi kwa jinsi mawimbi yanavyopita, ni ile ile iliyomwezesha Richard Oldham mwaka 1906 kuonyesha kwamba dunia ina kiini, na Inge Lehmann wa Denmark mwaka 1936 kugundua kwamba ndani ya kiini hicho kuna kingine. Bibi huyo, kwa mujibu wa jamaa yake, alizipanga hesabu zake za saa za mawimbi kwenye kadi alizozihifadhi katika maboksi matupu ya oti. Aliishi miaka 104.

Hata hivyo kusikiliza peke yake hakutoshi, na Gelai ndiyo iliyotufundisha. Mwaka 2007 wakazi wa Nairobi walihisi matetemeko. Setilaiti za rada ziliona zaidi ya hapo. Picha mbili za rada za eneo moja zikilinganishwa, huonyesha ardhi iliyopanda au kushuka hata kwa sentimita chache. Timu ya Mfaransa Eric Calais ilichapisha mwaka 2008 kwamba mpasuko wa Gelai uliteleza polepole, karibu bila kelele, kisha ukuta mwembamba wa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ukajipenyeza kwenye mwamba. Sehemu kubwa ya mwendo ule haikutoa tetemeko la kustahili jina. Kwa njia hiyo hiyo volkano ya Longonot ilionekana ikivimba kwa sentimita 9 hivi kati ya 2004 na 2006, bila mlipuko wowote kufuata. Bonde la Ufa upande wa Kenya linapanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka, na kila milimita ina njia mbili: ama inalipwa kimya na magma, ama inawekwa akiba kwenye mwamba mpaka mwamba ushindwe. Kujua mgawanyo huo ni kujua hatari yetu.

Hapa ndipo kelele za Machi 2018 zinaponiudhi hadi leo. Ufa ulifunguka karibu na Mai Mahiu baada ya mvua kubwa, ukakata barabara ya kwenda Narok, na magazeti ya dunia yakatangaza kwamba Afrika inagawanyika mara mbili mbele ya macho yetu. Mtaalamu alikuwa na njia rahisi ya kukagua dai hilo. Afar, nchini Ethiopia, Septemba 2005, ardhi ilifunguka kweli: mpasuko wa kilomita 60, sehemu nyingine ukipanuka mita 8, ukiambatana na mamia ya matetemeko na mlipuko wa volkano. Mai Mahiu hakukuwa na tetemeko la kulieleza lile shimo. Kilichokuwepo ni majivu laini ya volkano za zamani yaliyosombwa na maji kutoka ndani ya nyufa. Huenda nyufa zenyewe ni za kale na zimetokana na bonde. Aliyezifukua ni mvua. Wiki hiyo tulizungumza habari za bahari itakayokuja baada ya mamilioni ya miaka, na hakuna aliyeuliza Subukia iko kilomita ngapi kutoka Nairobi.

Ni karibu 150. Usiku wa tarehe 6 Januari 1928, mpasuko wa Laikipia na Marmanet, huko Subukia, uliteleza na kutoa tetemeko la karibu 6.9, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Kenya, na kuacha ufa juu ya ardhi wa takriban kilomita 38. Nicholas Ambraseys, aliyelichambua upya mwaka 1991, alifanya kazi kama mpelelezi zaidi kuliko fundi wa mitambo: maelezo ya waliokuwepo, bomba lipi la moshi lilianguka, nyumba ipi ilipasuka, na kutoka hapo akachora nguvu ya mtikisiko eneo kwa eneo. Nguvu hiyo inayohisiwa mahali fulani ni kipimo tofauti na ukubwa wa tetemeko. Ukubwa ni namba moja ya chanzo, na kila hatua moja juu ni nishati mara 32. Mtikisiko una namba nyingi, kila mtaa na yake.

Mwaka ule nchi ile ilikuwa ya nyumba za chini na mashamba. Leo Nakuru ni jiji, na Nairobi ina minara ya zaidi ya ghorofa 30. Sisemi tetemeko kama lile li karibu. Nimeshasema hakuna ajuaye. Nasema limewahi kutokea, na mpasuko haujahama.

Kinachoamua maisha ya watu hapo ni udongo. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la 8.0 lilipiga pwani ya Mexico, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mexico City. Pwani yenyewe haikuumia kama jiji. Sehemu ya Mexico City imejengwa juu ya matope ya ziwa la kale, na matope hayo yalijikuta yakicheza kwa mdundo wa sekunde 2 hivi. Kwa kadirio la wahandisi, jengo hucheza kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila ghorofa. Udongo ukipata mdundo wa jengo, hulibeba. Majengo ya ghorofa kati ya 6 na 15 ndiyo yaliyoanguka zaidi, yakaua maelfu, huku vibanda vya chini jirani vikisalimika. Ndiyo sababu hiyo hiyo ya mwaka 2005 mtu wa ghorofa ya juu mjini Nairobi kuhisi tetemeko la Tanganyika huku mwuza njugu aliye chini akishangaa watu wanakimbia nini.

Nairobi si Mexico City. Magharibi, Karen hadi Westlands, tuna udongo mwekundu. Mashariki na kusini, Embakasi hadi Athi River, tuna ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Mweusi huo kwa kawaida ni wa mita chache, na mjenzi mwenye akili hupita chini yake. Lakini chini ya hapo hakuna mwamba mmoja. Kuna tabaka za lava ngumu zilizopishana na majivu yaliyoganda, mengine imara, mengine unayachimba kwa jembe. Tabaka hizo zinaongeza mtikisiko wa mdundo upi, mtaa kwa mtaa? Hilo halibuniwi. Linapimwa.

Na kulipima si ajabu. Nenda asubuhi kwenye ploti ya mradi mkubwa kabla matrekta hayajafika. Vijana watatu hutandaza waya mrefu wenye vipokezi 24, kila kimoja na mwiba wa chuma unaochomekwa ardhini, mita moja au mbili kati ya kimoja na kingine. Mwisho wa mstari wanaweka bamba la chuma. Mmoja anainua nyundo, anapiga. Aliyechuchumaa mbele ya kompyuta anaona mistari 24 ikiruka mmoja baada ya mwingine, anatikisa kichwa kwa sababu lori limepita na kuchafua rekodi, anaomba pigo jingine. Baada ya mapigo kadhaa wanahamisha bamba. Kinachotafutwa ni mwendo wa wimbi la S katika mita 30 za juu: kwenye mwamba mzuri huzidi mita 760 kwa sekunde, kwenye udongo laini hushuka chini ya 180. Namba hiyo moja huingia moja kwa moja kwenye hesabu za nguzo na nondo.

Kuna njia nyingine inayoupenda mji zaidi. Unaweka kifaa kimoja chini, unakiacha nusu saa kisikilize fujo za kawaida, matatu, jenereta, watu, kisha unalinganisha mtikisiko wa kwenda kando na wa kwenda juu. Ardhi yenye mdundo wake hujitokeza kama kilele kwenye mchoro. Fujo hizo si ndogo: mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani, vituo vya dunia nzima viliona kelele za binadamu zikishuka, penginepo hadi nusu. Na huko Samburu watafiti wamewahi kutega vipokezi vya aina hii wakatambua tembo kwa hatua na ngurumo zao zinazosafiri ardhini.

Najua jibu la wenye bajeti. Nchi ina njaa, ina mafuriko, na majengo yetu huanguka bila msaada wa tetemeko. Lile la Huruma lililoua takriban watu 50 Aprili 2016 liliangushwa na ubovu wake na mvua. Ni kweli, na hoja hiyo inanipa nguvu mimi. Anayeshindwa kusimama kwenye mvua hatasimama kwenye 6.9, na mkaguzi anayepima nondo kwa ajili ya moja anapima kwa ajili ya yote mawili. Kenya ina mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko tangu 1973. Majengo ya ghorofa nane yanayobanana katika mtaa wa Pipeline hayaonekani kama yaliyoufungua.

Wala gharama si kisingizio kamili tena. Haiti iliingia katika tetemeko la Januari 2010, lililoua zaidi ya watu 100,000, bila mtandao wa vituo nchini. Miaka michache baadaye Calais, yule yule wa Gelai, na wenzake wa Haiti waliwapa wananchi wa kawaida vifaa vidogo vya bei ya simu nzuri, wakaviweka sebuleni na kuviunganisha na intaneti. Tetemeko la 7.2 lilipopiga Agosti 2021, vifaa hivyo vya nyumbani ndivyo vilivyokuwa karibu zaidi na kitovu, na ndivyo vilivyofuatilia vishindo vilivyofuata. Hesabu shule za sekondari zilizopo kutoka Kajiado hadi Nyahururu zenye umeme na mwalimu wa fizikia.

Kuhusu udongo, sehemu ya kazi imeshafanyika na imelipiwa. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 inakwenda kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na nguzo zake zimesimama juu ya misingi iliyochimbwa kuanzia udongo mweusi hadi mwekundu. Reli mpya imepita vivyo hivyo. Minara ya Upper Hill, kila mmoja una ripoti ya udongo katika kabati ya mhandisi fulani. Ni mkato mzima wa jiji, umegawanyika katika mafaili ya watu binafsi. Kaunti inaweza kuweka sharti moja katika fomu ya kibali cha jengo la zaidi ya ghorofa tano: nakala ya vipimo vya ardhi ibaki City Hall, iwekwe kwenye ramani iliyo wazi kama data ya Kilimambogo ilivyo wazi. Wanafunzi wa jiolojia wa Chiromo wangemaliza kuingiza rekodi za barabara ile katika muhula mmoja, na mapengo yatakayoonekana kwenye ramani ndiyo yangesema nyundo na bamba vipelekwe wapi kwanza.